Vimeng'enya Walinzi: Namna Mimea ya Nafaka Inavyokabiliana na Joto Kali

Utangulizi

Katika likizo moja nilimzuru mjomba wangu, mkulima wa pande za Kibwezi katika Kaunti ya Makueni. Alikuwa na kisima, na shamba lake dogo la mahindi halikukosa maji hata juma moja. Mimea ilirefuka, majani yakawa mapana, na kila mpita njia aliisifu. Siku ya kuvuna ilipowadia, akamenya hindi la kwanza akakuta mapengo kama kinywa cha kibogoyo: punje tatu hapa, nne pale, na baina yake gunzi tupu. La pili likawa hivyo hivyo, na la tatu.

"Mpwa wangu," akaniambia, "ukame naujua tangu utotoni. Huu si ukame. Maji yalikuwapo. Basi ni nini kilichoyala mahindi yangu?"

Nilimjibu kwa neno moja, "Joto." Naye akauliza swali la pili, ambalo ndilo chanzo cha makala haya: "Joto linayafanyaje?"

Hapo nikanyamaza. Sikunyamaza kwa kukosa lugha. Shahada yangu ya kwanza ilikuwa ya Kiswahili, na ninayoisomea sasa ni ya fasihi yake. Nilinyamaza kwa sababu jambo hilo sikuwahi kulisoma wala kulisikia likielezwa kwa Kiswahili, na yale machache niliyokumbuka kutoka shule ya upili yalikuwa kwa Kiingereza. Makala haya basi yana madhumuni mawili. Kwanza, yanakusudia kueleza jinsi joto kali linavyoidhuru mimea ya nafaka, na jinsi mimea hiyo inavyojikinga kwa kutumia kundi la vimeng'enya vinavyozuia uoksidishaji. Pili, yanakusudia kuonyesha, kwa vitendo, kwamba maelezo ya aina hii yanawezekana katika lugha yetu, na kubainisha mahali ambapo istilahi zetu zinatufaa na mahali zinapotukwaza.

Ukubwa wa Tatizo

Ni vyema kwanza tufahamu kwamba swali la mjomba si la mtu mmoja. Mwaka 2011, David Lobell na wenzake walichapisha uchunguzi uliotumia zaidi ya majaribio 20,000 ya mahindi yaliyofanywa katika mashamba ya utafiti barani Afrika baina ya 1999 na 2007. Walihesabu joto kwa namna hii: siku moja ikizidi nyuzi 30 za sentigredi kwa nyuzi moja, hiyo ni alama moja. Waligundua kwamba kila alama moja hupunguza mavuno kwa asilimia 1 pale mvua inapotosha, na kwa asilimia 1.7 pale penye ukame.

Tarakimu hizo zina funzo muhimu. Aghalabu sisi huchukulia joto na ukame kuwa kitu kimoja, kwa kuwa huandamana. Uchunguzi huo unadhihirisha kwamba ni maadui wawili. Ukame huongeza makali ya joto, naam, lakini hata mmea uliopata maji ya kutosha hupunguza mavuno joto linapopindukia mpaka wake. Mjomba alikuwa amemzuia adui mmoja mlangoni, na yule wa pili akaingilia dirishani.

Joto Ndani ya Jani

Mnyama akizidiwa na jua hukimbilia kivulini. Mmea hauna miguu, hivyo hauna budi kulikabili joto papo hapo ulipoota. Njia yake ya kwanza ya kujipoza ni kutoa mvuke kupitia stomata, vile vitundu vidogo vya jani ambavyo kwavyo hewa huingia na maji hutoka. Maji yakiadimika, stomata hufungwa ili kuyahifadhi. Jani nalo, likiwa halipozwi tena, huweza kuwa na joto kuliko hewa inayolizunguka.

Joto likishaingia ndani ya jani, mambo kadhaa hutokea kwa wakati mmoja. Tando zinazozizingira seli na viungo vyake, ambazo sehemu yake kubwa ni mafuta, hulegea kama samli iliyowekwa karibu na moto. Protini huanza kupoteza maumbo yake. Lililo baya zaidi hutukia katika usanisinuru, yaani kazi ya jani ya kutengeneza chakula kwa mwanga, maji na kabonidayoksaidi.

Usanisinuru una hatua mbili kuu. Katika hatua ya kwanza, umbijani hunasa mwanga wa jua na kuzisukuma elektroni, chembe ndogo mno zinazobeba nishati, zipitie msururu wa protini. Katika hatua ya pili, nishati hiyo hutumiwa kuigeuza kabonidayoksaidi kuwa sukari. Kimeng'enya kinachoinasa kabonidayoksaidi huitwa Rubisko, nacho hakifanyi kazi barabara pasipo protini nyingine inayokiamsha kila mara. Protini hii mwamshaji ni dhaifu mno mbele ya joto. Ikilegea, Rubisko husinzia, na utengenezaji wa sukari hupungua.

Hapa ndipo penye kiini cha mkasa. Jua haliachi kuwaka kwa sababu Rubisko imesinzia. Mwanga unaendelea kulipiga jani, na elektroni zinaendelea kusukumwa, ila kule mbele hakuna wa kuzipokea. Ni kama kiwanda ambamo mashine ya kwanza inaendelea kutema bidhaa ilhali mashine ya pili imesimama. Bidhaa zitarundikana, na hatimaye zitamwagika. Elektroni zinazomwagika huangukia kwenye kitu kilicho karibu na kinachozipokea kwa urahisi, nacho ni oksijeni.

Oksijeni: Mlezi Anayegeuka Adui

Tumezoea kuiona oksijeni kuwa uhai wenyewe. Hata hivyo, mtu yeyote aliyeona jembe likishika kutu, au aliyeonja mafuta ya kupikia yaliyokaa wazi hadi yakabadilika ladha na harufu, ameshuhudia upande wa pili wa gesi hii. Kutu na mafuta kuharibika ni matokeo ya uoksidishaji: oksijeni kukivamia kitu na kukinyang'anya elektroni zake.

Oksijeni ya kawaida ni pole kiasi. Ikipokea elektroni moja ya ziada, hugeuka kuwa superoksaidi, ambayo haina utulivu. Superoksaidi nayo yaweza kugeuka kuwa haidrojeni peroksaidi. Haidrojeni peroksaidi ikikutana na chuma kilichomo ndani ya seli, huzaa chembe iitwayo haidroksili, ambayo ni kali kuliko zote. Mkemia Mwingereza Henry Fenton alieleza mwaka 1894 jinsi chuma na haidrojeni peroksaidi vinavyochochea uoksidishaji mkali, na hadi leo mmenyuko huo huitwa kwa jina lake. Kundi hili zima la jamaa wa oksijeni, pamoja na oksijeni iliyosisimuliwa na mwanga, ndilo ninaloliita katika makala haya oksijeni tendaji.

Kikulacho ki nguoni mwako. Oksijeni tendaji haitoki nje ya mmea. Huzaliwa katika viungo vile vile vinavyoulisha. Huzaliwa katika kloroplasti, mahali pa usanisinuru, na katika mitokondria, mahali pa upumuaji. Katika ngano na mpunga, joto hulizidisha kosa la Rubisko la kunasa oksijeni badala ya kabonidayoksaidi, na kulisahihisha kosa hilo huzalisha haidrojeni peroksaidi nyingi katika vifuko vidogo viitwavyo peroksisomu. Mahindi, mtama na mawele yana mpango tofauti wa kuirundika kabonidayoksaidi karibu na Rubisko, hivyo kosa hilo huwa dogo kwayo. Hii ni mojawapo ya sababu za nafaka hizi kulimudu joto kuliko ngano.

Oksijeni tendaji ikizidi, huyashambulia mafuta ya tando za seli. Kinachotokea ni kile kile kinachoyapata mafuta yaliyoachwa wazi, ila sasa kinatokea ndani ya kiumbe hai. Utando huharibika, chumvi na maji huvuja, na seli hufa. Vilevile hushambuliwa protini, umbijani, hata DNA inayohifadhi urithi wa mmea. Jani linaloanza kugeuka manjano kabla ya wakati wake ni ushahidi wa nje wa vita hivi vya ndani.

Walinzi na Zamu Zao

Mmea haukai kitako ukisubiri kuangamia. Una kundi la vimeng'enya ambavyo kazi yake ni kuituliza oksijeni tendaji kabla haijaleta madhara. Vimeng'enya hivyo ni vingi. Hapa nitavieleza vile vilivyo vikuu, kwa mpangilio wa kazi yavyo.

Cha kwanza ni superoksaidi dismutasi. Hiki ndicho mlinzi wa lango. Huchukua superoksaidi mbili na kuzigeuza kuwa haidrojeni peroksaidi moja na oksijeni moja ya kawaida. Historia yake inavutia. Protini yenye shaba iliyotengwa kutoka damu ya ng'ombe ilikuwa ikijulikana tangu 1938, lakini kwa miongo mitatu hakuna aliyejua ina kazi gani. Mnamo 1969, Joe McCord na Irwin Fridovich wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walionyesha kwamba kumbe kazi yake ni kuiondoa superoksaidi. Katika mmea, kimeng'enya hiki kina sura tatu kulingana na madini yaliyomo: chenye shaba na zinki hupatikana katika kloroplasti na katika uteute wa seli, chenye manganizi hupatikana katika mitokondria, na chenye chuma hupatikana katika kloroplasti.

Msomaji makini atauliza: kuna faida gani kumwondoa adui mmoja na kumleta mwingine? Haidrojeni peroksaidi nayo si sumu? Ni swali la haki, na jibu lake ni kwamba mlinzi wa lango hafanyi kazi peke yake. Nyuma yake wapo wengine wa kumpokea mgeni.

Cha pili ni katalasi, jina lililotolewa na Oscar Loew mwaka 1900. Kimeng'enya hiki hugeuza haidrojeni peroksaidi kuwa maji na oksijeni. Wengi wetu tumekiona kikifanya kazi bila kukitambua: katika maabara ya kidato cha kwanza, mwalimu anapotia kipande cha maini au kiazi kibichi katika haidrojeni peroksaidi na povu likafurika, povu hilo ni oksijeni inayotolewa na katalasi. Molekuli moja ya katalasi yaweza kuvunja mamilioni ya molekuli za haidrojeni peroksaidi kwa sekunde. Makao yake makuu ni katika peroksisomu, na mahindi yana aina tatu tofauti za kimeng'enya hiki.

Katalasi ina nguvu lakini haina macho makali. Hufanya kazi vizuri penye haidrojeni peroksaidi nyingi. Kiasi kidogo huipita. Kazi ya kukisaka kiasi hicho kidogo ni ya kimeng'enya cha tatu, askobati peroksidasi. Hiki hutumia askobati, yaani vitamini C ile ile tuitafutayo katika machungwa, kuigeuza haidrojeni peroksaidi kuwa maji. Kwa kuwa kloroplasti haina katalasi ya kuitegemea, ulinzi wake humwegemea huyu.

Lakini askobati ikitumika huchakaa, na isipohuishwa itakwisha. Hapo huingia vimeng'enya vingine, kikiwamo glutathioni reduktasi, ambavyo huirejesha askobati katika hali yake ya awali kwa kutumia nishati inayotokana na mwanga. Mzunguko huu ulipendekezwa mwaka 1976 na Christine Foyer na Barry Halliwell, na leo hutajwa kwa majina yao pamoja na la Kozi Asada wa Japani. Umuhimu wake ni kwamba ulinzi wa mmea haumalizi silaha zake. Huzitumia, huzinoa, na kuzitumia tena.

Ikumbukwe kuwa kwa haidroksili, ile kali kuliko zote, mmea hauna kimeng'enya chochote. Chembe hiyo huishi muda mfupi mno na huchoma chochote kilicho jirani yake. Kinga pekee ni kuhakikisha haizaliwi, yaani kuiondoa haidrojeni peroksaidi mapema. Hii ndiyo sababu zamu za walinzi zinapaswa kupokezana bila pengo. Superoksaidi dismutasi ikiongezeka peke yake ilhali katalasi na askobati peroksidasi zimebaki zilivyokuwa, mmea utajirundikia haidrojeni peroksaidi na kujidhuru kwa mkono wake wenyewe.

Chavua na Mapengo ya Mjomba

Sasa tunaweza kulirejelea lile hindi lenye mapengo. Kila punje ya hindi hutokana na unywele mmoja wa zile ndevu za hindi, na kila unywele unahitaji chembe ya chavua idondoke kutoka juu ya mmea, iote, na kuteremka hadi kwenye yai. Chavua ndiyo sehemu nyonge kuliko zote. Jani la mahindi laweza kustahimili mchana wenye nyuzi 38 na kupata nafuu usiku. Chavua haina muda huo. Uhai wake ni mfupi, na joto la kiwango hicho hupunguza uwezo wake wa kuota.

Joto huongeza oksijeni tendaji katika chavua na katika tishu inayoilea kabla haijakomaa, huku vimeng'enya vya ulinzi vikishindwa kwenda sambamba na ongezeko hilo. Utando wa chavua huharibika, na chembe hiyo hudondoka juu ya unywele ikiwa imekufa au imedhoofika. Unywele usiopata chavua hai hauzai punje. Hivyo mmea waweza kuwa mrefu, wenye majani mapana na maji tele mizizini, na bado hindi likatoka kibogoyo. Mpunga nao una kasoro hiyo: halijoto ikizidi nyuzi 35 saa ile maua yanapofunguka, mashuke hubaki makapi.

Aidha, katika ngano, ambayo hupendelea nyuzi 15 hadi 20 wakati wa kujaza punje, joto hufupisha kipindi hicho na kudhoofisha vimeng'enya vinavyotengeneza wanga. Punje huwapo, lakini hunyauka na kuwa nyepesi.

Ushahidi Kwamba Ulinzi Husaidia

Je, tunajuaje kuwa vimeng'enya hivi husaidia kweli? Ushahidi ni wa aina tatu.

Aina ya kwanza hutokana na kulinganisha mbegu. Nchini India, watafiti hupanda ngano kwa kuchelewa kwa makusudi, ili kipindi cha kujaza punje kiangukie katika msimu wa joto. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 yalionyesha kwamba mbegu zinazostahimili joto, ikiwamo ile ya zamani iitwayo C 306, zilikuwa na utendaji mkubwa zaidi wa vimeng'enya vya ulinzi kuliko mbegu dhaifu, na umbijani wao ulihifadhika vyema zaidi.

Aina ya pili hutokana na kuhamisha jeni. Mwaka 2001, watafiti wa Japani walichukua jeni ya askobati peroksidasi kutoka shayiri na kuitia katika mmea mdogo wa maabara uitwao Arabidopsis. Mmea uliopewa jeni hiyo ulistahimili joto kuliko ndugu zake wasioipata. Jaribio hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa tofauti baina ya mimea hiyo ilikuwa moja tu.

Aina ya tatu hutokana na kuizoesha mimea. Mmea ukipatwa kwanza na joto la wastani, kisha ukapumzishwa, huweza kulistahimili joto kali linalofuata ambalo vinginevyo lingeuua. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Katika kushtuka huko, haidrojeni peroksaidi kidogo iliyozaliwa mara ya kwanza hutumika kama mbiu ya mgambo: huziamsha jeni za vimeng'enya vya ulinzi na za protini zinazotunza maumbo ya protini nyingine. Kwa hivyo oksijeni tendaji si adui mtupu. Kwa kiasi kidogo ni mjumbe. Kwa kiasi kikubwa ni mchomaji. Kazi ya vimeng'enya si kuifuta kabisa, bali kuidhibiti isivuke mpaka.

Tahadhari

Hata hivyo, itakuwa ni kukosa uaminifu tukiwaachia wasomaji dhana kwamba vimeng'enya hivi ni dawa ya kila kitu. Kwanza, vyenyewe ni protini, na protini huharibiwa na joto. Katalasi, mathalani, huharibiwa na mwanga mkali kila siku na kuundwa upya. Joto likizuia uundaji huo, kiwango chake hushuka saa ile ile kinapohitajika zaidi.

Pili, kupanda kwa utendaji wa kimeng'enya kuna tafsiri mbili. Ukiona walinzi wengi kwenye lango la mtu, yawezekana nyumba yake ni salama, na yawezekana pia wezi wamezidi. Ndiyo maana watafiti waangalifu hawapimi vimeng'enya pekee. Hupima pia malondialdehaidi, mabaki yanayotokana na mafuta ya tando yaliyoharibika, na mwishowe hupima mavuno. Ikiwa vimeng'enya vimepanda, mabaki hayo yamebaki machache, na punje zimejaa, hapo ndipo tunaweza kusema kuwa ulinzi umefaulu.

Tatu, kuna njia nyingine za kunusurika. Mahindi ya Katumani, yaliyotolewa katika miaka ya 1960 na watafiti wa Machakos, hukomaa mapema na kuukwepa ukame kabla haujakomaa wao. Huko ni kukwepa, si kustahimili, na mfugaji mbegu anahitaji kujua anatafuta lipi.

Kwa mkulima, maarifa haya yana manufaa yanayoshikika. Shaba, zinki, manganizi na chuma vilivyomo katika superoksaidi dismutasi hutoka udongoni. Mmea wenye upungufu wa zinki huwa na ulinzi dhaifu na huumia upesi penye jua kali. Samadi na mbolea zilizokamilika basi hazijengi kimo cha mmea pekee. Matandazo hupunguza joto la udongo na kuhifadhi maji ambayo jani huyahitaji kujipoza. Kuchagua tarehe ya kupanda ili maua yasichanue katika miezi yenye joto kuu huiokoa chavua kuliko kimeng'enya chochote. Na katika nyanda za chini, mtama na mawele, nafaka zilizofugwa na Waafrika katika maeneo yenye joto tangu kale, zinastahili heshima ambayo mahindi yamezinyima.

Suala la Istilahi

Nikiandika makala haya nimegundua kwamba ugumu haukuwa pale nilipoutarajia. Majina ya kemikali hayakunisumbua. Superoksaidi na katalasi huingia katika Kiswahili kwa kutoholewa kama zilivyoingia oksijeni na protini. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, iliyochapishwa na TUKI mwaka 1990, ilikwisha kutuonyesha njia hiyo. Ugumu ulikuwa katika maneno yanayoonekana kuwa mepesi.

Chukua neno kimeng'enya. Limetokana na kumeng'enya, yaani kuvunja kitu vipande vidogo vidogo, na lilifaa sana pale tulipokuwa tukizungumzia usagaji wa chakula tumboni. Lakini glutathioni reduktasi haimeng'enyi kitu, hukarabati. Rubisko haimeng'enyi; huunganisha. Mwanafunzi anayelitegemea neno hilo limfafanulie dhana atapotoka. Sipendekezi tuliache, kwa kuwa limezoeleka na kukubalika. Napendekeza walimu waeleze waziwazi kwamba maana yake imepanuka na kulipita shina lake, kama ilivyotukia kwa maneno mengi ya lugha yoyote iliyo hai.

Tatizo la pili ni oksijeni tendaji. Nilikaribia kuiita oksijeni korofi, jina ambalo lingemvutia msomaji na kukumbukwa kwa urahisi. Niliacha, kwa sababu jina hilo lingetoa hukumu kabla ya kesi kusikizwa. Tumeona kuwa oksijeni hiyo ni mjumbe pia. Istilahi nzuri ya kisayansi hueleza sifa ya kitu bila kukisifu wala kukilaani. Sisi wana fasihi, tuliozoea kuthamini jina lenye mguso, tuna la kujifunza hapa.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba joto kali hulivuruga jani kwa kuzifanya elektroni zimwagikie oksijeni. Kwamba oksijeni tendaji inayozaliwa huunguza tando, majani na chavua. Na kwamba superoksaidi dismutasi, katalasi, askobati peroksidasi na wenzao hupokezana zamu kuituliza. Yameonyesha pia kuwa ulinzi huo una mipaka, na kuwa nguvu yake imo katika uwiano wa walinzi wote, si katika wingi wa mmoja.

Katiba yetu ya 2010, katika Ibara ya 7, imekitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Utambuzi huo utabaki wino juu ya karatasi endapo mkulima hatapata ndani ya lugha hiyo jibu la swali lililomkosesha mavuno. Kazi hii si ya wanasayansi pekee. Wao wana maarifa. Sisi tuna lugha. Na kila upande ukisubiri mwenzake, mahindi yataendelea kuota mapengo. Ingefaa wanachama wa vyama vya Kiswahili katika vyuo vyetu wabishe hodi katika vitivo vya kilimo na sayansi, wasome pamoja na wenzao, na kuandika pamoja.

Niliporudi kwa mjomba nilimweleza haya yote, jioni moja, kwa muda wa saa nzima. Alisikiliza kwa makini, akauliza maswali mawili kuhusu zinki, kisha akasema, "Kumbe chavua ndiyo iliyokufa, si mahindi." Msimu uliofuata alisogeza tarehe ya kupanda na kutenga robo ya shamba kwa ajili ya mtama.